Masaa Ishirini Mpaka Perth

Kwako Wawira,

Sitakuuliza hali, kwa sababu nakusikia. Uko hapo chumba cha pili unafunga zipu ya begi, unaifungua, unatoa kitu, unakirudisha. Mimi niko mezani na ile kalamu yangu ya kuandikia bei za mboga, na baba yako yuko nje anamkatia ng'ombe majani kabla giza halijaingia. Kati yetu ni ukuta wa mbao tu. Lakini tangu Ijumaa hujaniambia neno zaidi ya "ndio" na "nimeshiba", na mimi kila nikianza kuongea nawe najikuta nimeanza mambo ya sweta. Kwa hivyo nimeonelea niandike. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa mbele wa begi, uisome ukiwa huko juu, mahali huwezi kuinuka ukaniacha nikiongea peke yangu.

Mambo ya sweta basi yameisha. Ya pasipoti na kutobebea mtu mzigo, baba yako amekwambia mara nne, na kesho njiani utasikia ya tano. Mimi nataka tuongee juu ya Alhamisi, ni kwa nini nilivunja ahadi niliyokupa.

Siku viza ilipotoka uliniambia, mama, safari hii watu wajue nikishatua. Tujue sisi watatu wa hapa nyumbani na shangazi, Tata Igoki wa Kiritiri, basi. Nikasema sawa. Nilisema sawa kwa moyo wangu wote, mami, na sikukuuliza sababu, maana sababu yenyewe niliitengeneza mimi.

Kilichoniharibia ni hesabu ya safari.

Nilikuwa nimeweka moyoni nikuombee njia nzima. Si kuomba kule kwa kusema Bwana mlinde halafu mtu anavuta blanketi. Kuomba kwa saa, tangu magurudumu yanapoacha lami ya Nairobi mpaka yanapogusa lami ya huko, kama tunavyofanya kikundini, sisi akina mama wa kanisa, mtu wetu akipanda ndege. Kila mama anachukua saa yake, anapiga magoti nyumbani kwake, na saa ikiisha anampigia mwenzake simu, anasema "chukua", na mwenzake anachukua. Msafiri hakai hewani hata kidogo bila mtu huku chini anayemtaja jina. Wengine hutucheka. Mchungaji mwenyewe aliwahi kutuambia kwa upole kwamba Mungu halali, hana haja na zamu. Mama Njeru, mwenyekiti wetu, akamjibu kwamba Mungu halali lakini sisi tunalala, na zamu ni za kwetu.

Sasa kwa safari ya siri nilikuwa peke yangu. Nikachukua simu nikaiuliza, kutoka Nairobi mpaka Perth ni mbali kiasi gani. Ikaniambia karibu kilomita elfu tisa, na kwamba ndege ikienda moja kwa moja ni kama masaa kumi na moja. Nikasema kumi na moja nitaweza, nikipata chai kali. Nikakuonyesha nikijivuna. Ukacheka, ukaniambia hakuna ndege ya moja kwa moja. Ndipo ukanichorea kwa kidole hapa mezani: unapanda kwanza mpaka Doha kwa Waarabu, masaa matano. Unakaa hapo chini masaa manne. Halafu unageuka unashuka kusini na mashariki, juu ya maji matupu, masaa kumi na moja. Kilomita nazo zinapita elfu kumi na mbili. Baba yako alikuwa anasikiliza pale mlangoni, akasema hiyo ni kama mtu atoke Embu aende Kiritiri kwa kupitia Nchiru, kule Meru. Ulicheka mpaka ukashika meza. Nimekikumbuka sana hicho kicheko siku hizi tatu.

Masaa ishirini. Hukujua, lakini nilijaribu. Ile Jumanne ulipoenda Nairobi kuchukua karatasi zako za hospitali, sikufungua kibanda cha mboga. Niliingia chumbani nikapiga magoti, nikasema wacha nifanye mazoezi. Saa ya kwanza ilienda vizuri. Ya pili nilikuwa nimeshamtaja rubani, na wanaogawa chakula, na mama zao. Ya tatu baba yako alinikuta nimelala usingizi wa haki, paji la uso kwenye kitanda, na alama za blanketi zikakaa usoni mpaka jioni.

"Hata Doha hujamfikisha," akaniambia.

Alikuwa ananitania, na mimi nikacheka naye. Lakini alipotoka nililia, kwa sababu nilijua pa kwenda kutafuta wenzangu, na nilijua ni kwa nini siwezi kwenda. Wewe pia unajua. Lakini acha niiseme yote, maana mimi na wewe hatujawahi kuisema mpaka mwisho. Kila mtu alibaki na kipande chake.

Safari ile ya kwanza tuliitangaza kanisani. Tulichinja mbuzi, akina mama wakavaa sare, magari mawili yakakusindikiza mpaka Nairobi na wakakuimbia pale nje ya uwanja wa ndege watu wakigeuka kutuangalia. Wakarudi mapema ili zamu zianze. Mimi na baba yako tukabaki na dereva tuone ndege ikipaa. Badala ya ndege kupaa, ukatoka wewe, unavuta begi. Wale wa kaunta walikuwa wamekwambia hiyo viza si ya kweli. Tukampigia yule wakala aliyekutengenezea, simu yake imezimwa, na mpaka leo haijawaka. Hukulia. Uliuliza tu kama kwenye gari kuna maji.

Hapo ndipo ningempigia Mama Njeru. Simu nilikuwa nayo mkononi. Lakini nikaona zile sare, nikaona yule mbuzi, nikasikia wimbo bado uko masikioni, nikairudisha simu kwenye mkoba. Nikamwambia dereva asimame Mwea tule, ijapokuwa hakuna aliyekuwa na njaa, na tukakaa hapo mpaka giza likaingia vizuri ndipo tukaja Embu. Nikakulaza chumbani kwangu, nikavuta pazia.

Na wakati huo wote walikuwa wanapokezana, mami. Nilijua ni nani yuko magotini saa gani. Tena walikuwa wamehesabu vibaya. Mama Njeru alichukua saa ya kutua iliyoandikwa kwenye tiketi, saa kumi na mbili jioni, bila kujua hiyo ni jioni ya Perth, na Perth wako mbele yetu kwa masaa matano. Kwa hivyo ndege yenyewe ilitua saa saba mchana wa huku kwetu, na akina mama wakaendelea kuishikilia hewani mpaka jioni. Siku nzima, na zaidi ya siku, wanamwombea mtu aliye nyuma ya pazia hapa mtaani kwetu Dallas, Embu, anakula ugali.

Jioni hiyo ya siku ya pili simu ikalia. Ni yule mama wa zamu ya mwisho, sauti imemkauka. Akaniuliza, "Mama Wawira, saa imetimia. Mtoto ametua?" Wewe ulikuwa umelala hapo karibu ningekugusa, macho wazi, unaniangalia.

Nikasema, "Amina. Ametua."

Uliwahi kuniuliza, siku ulikuwa na hasira, mambo ya kuficha watu nilijifunzia wapi. Leo nakujibu. Nilijifunzia kwetu Meru, jikoni. Nilipomaliza darasa la nane nilikuwa nimepita vizuri na baba yangu alikuwa amemwambia kila mtu wa mlima ule kwamba nimeitwa shule ya bweni. Haikuwezekana, mambo ya nyumbani yalikuwa yameharibika mwaka huo. Siku ya kufungua shule, wasichana wenzangu wakapita pale kwetu na masanduku yao, na mama yangu akaniambia nikae jikoni nisitoke mpaka wapite. Nikakaa. Moshi ulikuwa mwingi na nilikuwa namsikia akiwasalimia nje, akiwaambia mimi nitafuata wiki ijayo. Nilimpenda mama yangu na najua alikuwa ananikinga. Lakini tangu siku ile mimi huwa najua, mtu wangu akianguka, kwamba kazi ya kwanza ni kufunga mlango. Sikuwa nimewahi kujiuliza yule aliye ndani anaonaje. Hata mimi niliyekuwa ndani sikujiuliza.

Ndiyo maana nilikupeleka Kiritiri. Nilimwambia Tata Igoki ni wiki mbili, wewe nikakwambia ni upumzike. Ikawa miezi miwili. Baba yako alikataa kusema uongo, na pia alikataa kunigombanisha na watu, kwa hivyo akiulizwa habari zako alikuwa anasema, "Muulizeni mamake." Wakawa wananiuliza mimi. Pale kibandani, mtu ananunua sukuma na nyanya, anauliza, Wawira anaendeleaje huko? Nami nasema anaendelea vizuri, ila baridi imemshika. Maana nilikuwa nimetafuta kwa simu, nikaona kwamba sisi tukiwa katikati ya mwaka huko ndio baridi. Nilijifunza Perth kama mtu anayejiandaa kwa mtihani. Nilijua mto wao, nilijua kuna ndege weusi wa maji wenye shingo ndefu, nilijua saa ngapi jua linatoka. Mtu akiuliza, saa hii huko ni saa ngapi, nilikuwa naongeza tano bila hata kufikiri.

Kuna siku nilikupigia jioni, nikasema, "Sitakuweka sana, najua kwenu ni usiku." Ulikuwa Kiritiri, jua linawaka huko kama linavyowaka huku, na mimi nilikuwa nimeshakuongezea masaa matano. Nilikata simu nikajiambia ni uchovu.

Na sikuja kukuona. Ni mwendo wa saa moja kutoka hapa. Ningekuja asubuhi nikarudi kabla ya chakula cha mchana, lakini niliogopa mtu asinione nikishuka. Kesho unaenda mbali hivi mpaka simu ndiyo inatuhesabia, na ninaogopa, sitakudanganya. Lakini ninapofikiria mtoto wangu kuwa mbali, Perth haiji kichwani. Inakuja ile barabara ya Kiritiri ambayo sikupanda gari hata siku moja.

Halafu Nyaga, yule muuza mbuzi, akakupata huko siku ya soko. Aliniambia yeye mwenyewe baadaye, alikuja kuomba msamaha kwamba hakukusudia ubaya. Anasema alikuona umekaa nyuma ya gunia la ndengu za Tata Igoki, akapaza sauti, "Wawira? Kumbe ndege ilikushushia Kiritiri?" na soko lote likacheka. Anasema ulimalizia kumpimia mteja ndengu zake, ukamfungia vizuri, ndipo ukainuka.

Ulikuja siku hiyo hiyo. Ulipita hapa Dallas jua la saa nane, begi mgongoni, ukapita kibandani kwangu nikiwa na wateja, ukawasalimia mmoja mmoja kwa jina. Mimi nilikuwa nimeshika kabeji na sikujua niiweke wapi. Jioni nikakuletea chai na ukaniambia, bila hasira, na afadhali ungekuwa na hasira:

"Mama, si mimi nilikataliwa. Ni karatasi. Lakini wewe ulinificha kama ni mimi."

Jibu nimelitafuta tangu siku hiyo. Nililolipata si jibu hasa, ni jambo la kufanya, na ndilo nililolifanya Alhamisi.

Ujue kwamba baada ya Kiritiri niliacha kwenda kikundini miezi mingi. Niliporudi nilikaa kiti cha nyuma. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walinikaribisha, wakanipa chai, wakanisogezea mandazi. Mtu hawezi kulalamika kwamba watu wanamtendea vizuri, lakini ule wema nilikuwa naubeba nikitoka pale kama mtungi wa maji. Afadhali wangenitukana.

Alhamisi Mama Njeru alipouliza nani ana neno, nikasimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikawaambia kwamba ile siku mliyomwombea Wawira njiani, Wawira alikuwa kwangu, amelala. Nilijua tangu jioni ya kwanza na niliwaacha muombe, na aliyenipigia nilimwambia ametua. Nikawaambia kwamba sikufanya hivyo kwa ajili ya mtoto, nilifanya kwa ajili ya uso wangu. Halafu nikawaambia unasafiri Jumatatu, viza imekaguliwa na watu wanaojua, na safari ni masaa ishirini, na mimi peke yangu nimejaribu nikashindwa hata kufika Doha.

Mama Karimi ndiye wa kwanza kuinuka. Alisema alikuwa mgonjwa wa presha wakati ule, na aliamka saa tisa za usiku akapiga magoti kwenye saruji kwa ajili ya mtu aliyelala kwao kitandani. Akasema hataniombea tena mtu mpaka amwone kwa macho yake akipaa. Akachukua mkoba wake akatoka. Sikumfuata, kwa sababu alichosema ni kweli. Leo kanisani alinipa mkono lakini hakunipa macho. Nitangoja. Nakwambia haya ili usifikiri yote yaliisha kwa nyimbo.

Mama Njeru yeye alikaa akifikiri. Unamjua anavyofikiri, anavuta leso mara hii upande huu, mara hii upande ule. Halafu akauliza, "Kwani kile kiti kilienda kitupu?"

Nikasema sijui.

"Ndege haziendi na viti vitupu hivi hivi," akasema. "Kuna mtoto wa mtu alikalia. Alipanda ghafla, kwao hawakuwa hata wamejua kumwombea. Na alitua, si alitua? Basi saa yangu haikupotea. Sijui tu jina la niliyemwombea."

Akina mama wakaanza kucheka, mmoja mmoja, wale waliokuwa wamekasirika kidogo na wale waliokuwa wameona aibu kwa niaba yangu. Na ubishi ukaanza, nami nikajua tumerudi nyumbani, maana kikundi chetu kikibishana ndipo kinapona. Mukami, yule mke kijana aliyeolewa juzi, akauliza kama kuna haja ya kuomba yale masaa manne ya Doha, kwa sababu utakuwa umekaa chini kwenye kiti, huanguki mahali. Mama Njeru akamwambia, "Mara ya kwanza alikwama akiwa chini, si akiwa juu." Hapo hata mimi nilicheka. Doha wakaipa watu wawili wawili. Mukami ndiye aliyewaeleza mambo ya masaa matano, kwamba hayo ni ya jua, si ya ndege, kwa hivyo safari hii kazi inaisha saa saba mchana na watu wapike.

Mama Njeru akawanyamazisha na kuniuliza mbele ya wote, "Na akirudishwa?"

Nikasema nitawapigia nikiwa hapo hapo.

"Utasema nini?"

Nikasema, "Nitasema Wawira amerudishwa, na tunakuja naye."

"Sema tena."

Nikasema tena. Aliniambia niseme mpaka sauti ikaacha kutetemeka, ndipo tukafunga kwa maombi.

Hiyo ndiyo Alhamisi. Sasa kosa langu, na hili ni la juzi, bado ni bichi: nilipaswa kutoka pale nikuambie jioni hiyo hiyo. Siri ilikuwa ni yako, na niliitoa bila ruhusa yako. Nilipanga kukwambia Ijumaa tukila, na Mukami akakupata dukani mchana akakutakia safari njema, na ukaja nyumbani ukiwa na uso ule ule uliokuja nao kutoka Kiritiri. Nilipouona nilijua unafikiri, ameanza tena, ametangaza tena, na mambo yakiharibika atanificha tena. Ungekuwa na haki ya kufikiri hivyo. Sina kitu cha kukuonyesha leo isipokuwa maneno, na maneno yangu unayajua.

Kwa hivyo sikuombi unisamehe kabla ya kesho. Safari ina uzito wake, usiongeze na huo. Nataka tu uende ukijua nilichofanya na kwa nini nilikifanya.

Kuna jambo moja nitakuomba, kwa sababu hili nina ujuzi nalo. Ukifika huko usinitumie hali ya hewa. Mimi nimewahi kuijenga Perth nzima ya uongo nikiwa nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyanya, na najua inavyojengwa. Unaanza na baridi, unaongeza watu ni wazuri, unamalizia na kazi inaendelea vizuri tunamshukuru Mungu. Ukiniambia hivyo nitajua. Kama wale wazee utakaowatunza watakuwa wanakutukana, niambie. Kama unalia bafuni, niambie uko bafuni. Kama jambo lenyewe halisemeki, niambie, mama kuna jambo halisemeki, nami nitakaa nalo hivyo hivyo. Na kama utaona huko si kwako, rudi. Usingoje upate kitu cha kuja nacho mkononi. Usiku wangu utakuwa asubuhi yako nusu nusu na sitajali, nipigie.

Na kuomba, kama utachoka, usijilazimishe. Kuna miezi mimi mwenyewe baada ya Kiritiri nilikuwa napiga magoti na hakuna kinachotoka. Nilikuwa nakaa tu pale chini. Nafikiri hata hiyo ilihesabiwa.

Kesho hakuna sare wala mbuzi. Ni Probox ya kukodi na sisi watatu. Ukishaingia ndani tutangoja nje kama watu wengine, baba yako atajifanya anaangalia magari, na ndege ikipaa nitampigia Mama Njeru nimwambie achukue.

Lakini ukitoka tena unavuta begi, kwa sababu yoyote ile, hata iwe ya kijinga, utanikuta nimesimama mbele kabisa ya mlango, si ndani ya gari. Nitapiga simu ukiwa unanisikia. Tutatafuta mahali hapo Nairobi tule tulale, na asubuhi tuje Embu jua likiwa juu. Tutashukia steji kuu, tubebe begi mimi na wewe, huyu upande huu na huyu upande huu, tupite katikati ya soko mpaka nyumbani kwa miguu. Atakayeuliza, wewe usijibu, nitajibu mimi. Nitamwambia, huyu ni Wawira wangu, alikuwa anaenda Perth, wamemrudisha, tunaenda kupika.

Mimi mama yako, mbele ya watu wote.